Nyumba za Udongo Zilizoilea Nairobi

Kila unapozuka mjadala wa kuhifadhi majengo ya kale ya Nairobi, macho ya wengi hukimbilia mawe: Maktaba ya McMillan ya mwaka 1931, mabenki, makanisa. Ni nadra kusikia Pumwani ikitajwa. Sababu si ngumu kuiona. Nyumba zake zilikuwa za udongo, na waliozijenga hawakuwa magavana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoitenga Pumwani iwe makazi ya Waafrika, ilitoa viwanja na kuwaachia watu wajijengee. Ndiyo maana ya Majengo, jina tunalolikuta pia Mombasa na Moshi. Wajenzi hao waliiga nyumba ya mwambao: baraza mbele, ukumbi ukikata katikati toka mlangoni hadi uani, vyumba huku na huku, jiko na choo nyuma. Kuta zilikuwa za fito na udongo, na paa nyingi ziliezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa yakanyooshwa.

Sehemu kubwa ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Baadhi yao walipata fedha kwa kuuza pombe na chakula, wengine kwa umalaya. Hatuna haja ya kulificha hilo. Mkoloni alimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini, aje afanye kazi kisha arudi kwao. Mwanamke aliyekuwa na nyumba Pumwani alikwisha kulikanusha neno hilo kwa fito na udongo. Mtu angefukuzwaje arudi kwao, na kwao ni pale? Hata hivyo udongo haukuwa kinga. Pangani, kijiji kikongwe kuliko Pumwani, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo.

Mimi ni mtu wa isimu, na deni langu kwa nyumba hizi ni la lugha. Tunapotafuta chimbuko la Kiswahili cha Nairobi, wanataaluma huanzia relini, jeshini na shuleni. Ni nani huanzia uani? Mkikuyu, Mkamba, Mnandi, Mganda na Mmanyema walipanga vyumba vilivyotazamana, wakapikia ua mmoja, wakagombania kamba moja ya kuanikia nguo. Ugomvi huo ulihitaji lugha, na lugha iliyokuwapo ni ile iliyokuja na nyumba yenyewe. Watoto waliosikiliza pale uani ndio waliokuwa wakikirithi Kiswahili cha mji, miongo mingi kabla hatujaanza kubishana juu ya Sheng.

Nyingi za nyumba hizo zimekwisha kuipisha ghorofa. Sidai mtu aendelee kulala katika chumba kinachovuja ili mimi nipate historia. Mpangaji ana haki ya maji na umeme. Ninalolitaka ni kwamba, kabla ya kila tingatinga, nyumba ipimwe na kuchorwa, na wazee waliolelewa humo waulizwe nani alilala chumba kipi, na walisemezana vipi.