Sura ya Tano: Jaji Asiye na Mpinzani

Kila jimbo la Marekani lina katiba yake na mahakama zake, na katika majimbo mengi, kati ya mahakama zinazosikiliza mashauri kwa mara ya kwanza na Mahakama ya Juu ya jimbo, ipo Mahakama ya Rufani. Ile ya Missouri imegawanywa katika kanda tatu zenye makao St. Louis, Kansas City na Springfield. Kwa kawaida rufani husikilizwa na jopo la majaji watatu, ambao hawaiti mashahidi upya, bali hupitia mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya maandishi ya yote yaliyosemwa na kuamuliwa mahakamani, wakapima hoja za mrufani na za mjibu rufani, kisha wakaamua iwapo sheria ilitumika ipasavyo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwa kusoma na kuandika, raia wengi hawapati kuiona, ingawa ni raia hao hao wanaotakiwa kuamua kwa kura kama jaji aendelee na kazi.

Utaratibu huo ulizaliwa kutokana na ubaya wa ule uliotangulia. Majaji wa Missouri walikuwa wakigombea kwa tiketi za vyama, hivyo uteuzi wao uliwategemea vigogo wa siasa, mashuhuri miongoni mwao akiwa Tom Pendergast, aliyeitawala siasa ya Kansas City hadi alipofungwa mwaka 1939 kwa kosa la kukwepa kodi. Mwezi Novemba 1940 wapigakura waliidhinisha mabadiliko ya katiba yaliyokuja kuitwa Mpango wa Missouri, ambao baadaye uliigwa na majimbo mengine, kila moja kwa namna yake.

Chini ya mpango huo, kiti cha Mahakama ya Rufani kinapokuwa wazi, maombi hupelekwa kwa tume ya watu saba: mawakili watatu waliochaguliwa na mawakili wenzao, raia watatu wasio wanasheria walioteuliwa na gavana, na jaji mmoja wa Mahakama ya Juu. Mwombaji sharti awe na umri usiopungua miaka 30, awe na leseni ya uwakili na awe mkazi wa kanda husika. Tume hupendekeza majina matatu, naye gavana huteua mmoja ndani ya siku 60. Akishindwa kufanya hivyo, tume yenyewe huteua.

Baada ya kutumikia angalau miezi 12, jaji huyo hufikishwa mbele ya wapigakura katika uchaguzi mkuu unaofuata, kwa kura ya kubakizwa. Katika kura hiyo hakuna mpinzani wala jina la chama. Karatasi huuliza tu kama jaji fulani wa kanda fulani abakizwe katika wadhifa wake, na mpigakura hujibu ndiyo au hapana. Akipata kura za ndiyo zilizo nyingi kuliko za hapana, hupewa kipindi cha miaka 12, na anaweza kuomba kubakizwa tena kipindi hicho kinapomalizika, mpaka afikie umri wa kustaafu wa miaka 70.

Katika majimbo yanayotumia kura hii, majaji walio wengi hubakizwa bila kelele, kwa sababu pasipo mpinzani hakuna anayechochea ushindani. Mambo hubadilika hukumu moja inapowagusa watu penye uchungu. Mwaka 1986 wapigakura wa California walimwondoa Jaji Mkuu Rose Bird pamoja na majaji Cruz Reynoso na Joseph Grodin, baada ya kampeni iliyolenga hasa msimamo wao katika mashauri ya adhabu ya kifo. Mwaka 2010 majaji watatu wa Mahakama ya Juu ya Iowa, Marsha Ternus, Michael Streit na David Baker, waliondolewa kwa sababu ya hukumu ya pamoja ya mwaka 2009 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja. Majaji hao hawakuendesha kampeni ya kujitetea, wakihofia kuiburuta mahakama kwenye siasa ambazo utaratibu huu ulikusudiwa kuziepuka.

Matokeo ya matukio hayo mawili yanaonyesha mipaka ya kura hii. Wapigakura humwondoa jaji, lakini hawachagui mrithi wake wala hawafuti hukumu aliyoitoa. Kule California, Gavana George Deukmejian, aliyempinga Bird waziwazi, ndiye aliyepata nafasi ya kujaza viti vitatu kwa mpigo, na mwelekeo wa mahakama ukabadilika. Kule Iowa viti navyo vilijazwa na gavana mpya, lakini hukumu ya ndoa ilibaki kuwa sheria ya jimbo. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kura ya kubakizwa hana budi kumtazama jaji aliyepigiwa kura pamoja na tume na gavana watakaojaza nafasi yake, kwa kuwa jibu la hapana huwarudishia wao uamuzi.