Kanisa Lipatikane Mtandaoni: Utangulizi kwa Anayeanza

Utangulizi huu nimeuandika kwa ajili yako wewe uliyekabidhiwa tovuti ya kanisa. Labda ni katibu wa parokia, labda ni kijana wa kwaya ambaye wazee wamemwona anajua kompyuta wakasema, "Kazi hii ni yako." Tovuti ipo, picha za sikukuu ya mavuno zimewekwa, salamu za mchungaji zipo. Lakini ukiliandika jina la kanisa lako kwenye Google, linakuja kanisa la Mwanza, nyumba ya wageni, na habari ya gazeti ya miaka mingi iliyopita. Usivunjike moyo. Ipo taaluma inayoshughulikia jambo hili hili. Misingi yake ni michache na inaeleweka, na sehemu kubwa ya kazi yake haihitaji pesa wala ujuzi wa kuandika programu.

Taaluma hiyo naiita hapa uboreshaji wa tovuti kwa utafutaji, yaani kazi ya kuiandaa tovuti ili injini ya utafutaji iweze kuisoma, kuielewa na kuionesha kwa mtu anayeihitaji. Injini ya utafutaji ni mtambo kama Google au Bing: unaupa maneno, nao unakurudishia orodha ya kurasa. Mifano yangu mingi naitoa Nyasho, kata ya Manispaa ya Musoma mkoani Mara, kwa kuwa mji huu umekusanya madhehebu mengi katika eneo dogo. Wamisionari wa Kimennonite walianzia Shirati mwaka 1934, na Bukiroba, nje kidogo ya Musoma, ikaja kuwa kituo chao kikubwa. Wakatoliki wana Jimbo la Musoma tangu 1957, Waanglikana wana Dayosisi ya Mara tangu 1985, na Waadventista Wasabato, Africa Inland Church (AIC) na Wapentekoste wote wapo. Nesi aliyepangiwa kazi Musoma wiki hii, au ndugu wa mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Kwangwa, hatafuti kanisa lolote tu. Anatafuta kanisa la dhehebu lake, lililo karibu, na anataka kujua ibada inaanza saa ngapi. Ukilishika hilo, umeshika kiini cha taaluma nzima: ukurasa unaopatikana ni ule unaolijibu waziwazi swali ambalo mtu ameliandika kweli.

Tuanze na jinsi mtambo unavyofanya kazi. Watu wengi hudhani kwamba ukibonyeza kitufe cha kutafuta, Google hukimbia dunia nzima wakati ule ule ikikagua tovuti moja baada ya nyingine. Sivyo. Kazi kubwa ilikwishafanyika kabla hujauliza. Kwanza kuna programu ziitwazo watambazi. Hizi husoma ukurasa, hufuata viungo vilivyomo, husoma kurasa nyingine, na kuendelea hivyo bila kupumzika. Kiungo ni yale maneno unayoyabonyeza ili yakupeleke ukurasa mwingine. Pili, yaliyosomwa huwekwa kwenye faharasa, na hapa wewe mtu wa kanisa una faida, kwa sababu huenda umewahi kuishika Itifaki ya Biblia. Ukilitaka neno "mchungaji", husomi Biblia yote kuanzia Mwanzo; unalifungua neno hilo na kukuta aya zote lilimotajwa zimepangwa. Faharasa ya Google imejengwa kwa wazo hilo hilo. Tatu ni upangaji: kati ya kurasa nyingi zenye neno lile, upi uoneshwe juu?

Kutokana na hatua hizo unapata kanuni yako ya kwanza: ukurasa usio kwenye faharasa hauwezi kuonekana, hata ukiwa mzuri namna gani. Kwa hiyo kabla ya lolote, andika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Zikija kurasa zako, umo. Usipokuja hata mmoja, kagua mipangilio. Kwenye WordPress, programu inayotumika sana kutengenezea tovuti, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye faharasa. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi ili tovuti isionekane ikiwa nusu, kisha husahau kuiondoa alama hiyo. Nimewahi kuona tovuti iliyozinduliwa kwa maombi na keki, nayo imejifungia mlango namna hiyo kwa miezi kadhaa.

Huenda unajiuliza: je, kundi letu la WhatsApp lenye waumini wengi halitoshi? Kundi hilo ni zuri kwa walio ndani yake. Watambazi hawaingii humo, wala mgeni ambaye bado hamjui mtu hana wa kumuunga.

Sasa tuje kwenye maneno, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makanisa mengi yanapokosea huku tiba ikiwa rahisi. Kila ukurasa una kichwa, yaani mstari unaoonekana kwa herufi kubwa kidogo kwenye orodha ya majibu. Tovuti nyingi za makanisa huandika hapo "Nyumbani" au "Karibu Sana". Ni ukarimu, lakini hakuna anayetafuta kanisa kwa kuandika "karibu sana". Tuseme tovuti yako ni ya usharika ulioko Nyasho. Andika jina la dhehebu kwa kirefu na kwa kifupi chake, kisha "Usharika wa Nyasho, Musoma", kisha "ratiba ya ibada". Andika vyote viwili kwa sababu mmoja atatafuta KMT na mwingine Kanisa la Mennonite Tanzania, na yuko atakayeandika "Menonite" kwa n moja. Mkatoliki atatafuta misa, Mlutheri ibada, Msabato atataja Sabato. Tumia neno la waumini wako. Usiiache "Musoma" ukidhani inajulikana, na "Mara" nayo uitaje angalau mara moja kwenye anwani.

Ratiba ndiyo inayotafutwa kuliko vyote, nayo mara nyingi imewekwa kama picha: bango zuri lenye maua, lililopigwa kwa simu na kupandishwa. Mitambo ya leo inaweza kusoma baadhi ya maandishi ndani ya picha, lakini usiitegemee kwa jambo muhimu hivyo. Bango liache, na chini yake andika ratiba ile ile kwa maandishi ya kawaida.

Tena kuna suala la saa. Sisi tukisema ibada ya kwanza ni saa 1:00 asubuhi, kila mtu wa Nyasho anaelewa. Lakini mtambo unahesabu kuanzia usiku wa manane, na mgeni kutoka nje huhesabu hivyo hivyo. Kwenye ukurasa andika "saa 1:00 asubuhi, yaani 07:00". Na unapojaza saa za kufungua kwenye ramani ya Google, jaza 07:00 pekee. Ukijaza 1:00, kanisa lako litatangazwa kuwa liko wazi usiku wa manane na limefungwa wakati waumini wanaimba.

Nimetaja ramani. Huduma iitwayo Google Business Profile hukuruhusu kulisajili kanisa lako kwenye ramani bila malipo: jina, mahali, simu ya ofisi, saa na picha. Licha ya neno biashara lililo kwenye jina lake, makanisa yanaruhusiwa. Google yenyewe imeeleza kwamba majibu ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: jinsi mahali panavyolingana na kilichoulizwa, umbali kutoka kwa anayeuliza, na jinsi mahali hapo panavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha. Mawili mengine yamo mikononi mwako. Hakikisha tu alama imekaa juu ya jengo lenyewe, kwa maana bodaboda atamshusha mgeni pale simu inapomwonesha.

Tumefika kwenye upangaji, sehemu ngumu kidogo. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia waliyoiita PageRank: kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kihesabiwe kama ushuhuda, na ushuhuda wa ukurasa unaoheshimika uwe na uzito zaidi. Leo Google hutazama mambo mengine mengi, lakini viungo bado vina thamani. Kwako maana yake ni hii: muombe katibu wa dayosisi au jimbo aweke kiungo cha tovuti yako kwenye orodha ya sharika au parokia zake. Shule au zahanati ya kanisa ikiwa na tovuti, nayo ifanye hivyo. Viungo vya namna hiyo ni vya kweli, na vina uzito kuliko mamia ya vile vinavyouzwa.

Maana wauzaji watakuja. Atakupigia mtu akuahidi nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya wiki moja. Hakuna anayeweza kuidhamini nafasi hiyo. Wala usirundike neno "kanisa Musoma" mara hamsini chini ya ukurasa. Google inauhesabu mtindo huo kuwa udanganyifu na inaweza kuushusha ukurasa wako. Fedha ya sadaka inastahili matumizi bora zaidi.

Wasomaji wako wengi wanatumia simu na bando dogo, na Google siku hizi huusoma ukurasa kwa sura unayoonekana kwenye simu. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipandisha. Video ya ibada nzima iache YouTube, na kwenye tovuti weka kiungo chake.

Lugha nayo ni nafasi ambayo wengi hawajaiona. Kazi ya kutafsiri Maandiko kwa lugha za mkoa huu, zikiwemo Kizanaki, Kiikizu na Kikabwa, imefanyika hapa hapa Musoma. Kurasa za lugha hizo mtandaoni ni chache mno. Kanisa likiweka mahubiri au maneno ya wimbo wake lenyewe kwa Kizanaki, mtoto wa Butiama aliyeko Dar es Salaam au ng'ambo akiandika maneno ya nyumbani kwao, ukurasa huo una nafasi kubwa ya kutokea juu. Kila lugha ipe ukurasa wake. Ukizichanganya, mtambo hautajua ukurasa ni wa lugha gani.

Mwisho, jifunze kupima. Google Search Console ni huduma ya bure inayokuonesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya tovuti yako kutokea kwenye majibu. Ifungue mara moja kwa mwezi, ukae na mchungaji au paroko, msome orodha pamoja. Mtakutana na maswali ambayo hayakuwahi kufika ofisini: mafundisho ya ndoa huchukua muda gani, ubatizo wa watoto unahitaji vyeti gani, kuna ibada ya Kiingereza, msiba ukitokea Jumapili apigiwe nani. Chagueni swali moja lisilo na jibu kwenye tovuti, mliandikie ukurasa wake mfupi wenye namba ya simu inayopokelewa, kisha mwezi ujao mchague lingine.