Ubao wa mita tatu uliobaki Entebbe

Wafanyabiashara wa Busia na Mutukula wanajua kwamba mzigo hupimwa kwa kilo. Mimi, Julai 2023, nilifunzwa Entebbe kwamba hupimwa pia kwa urefu.

Nilikuwa naelekea Durban, Afrika Kusini, kufuata mawimbi ya Bahari ya Hindi. Nilibeba ubao wangu wa kusimama na kupiga kasia, niliouzoea Ziwa Victoria. Ulikuwa na kilo 12 tu, lakini urefu wake ulizidi mita tatu. Karani aliupima, akasema: "Ndugu, kilo hazina shida. Urefu huu ndege yetu haiuchukui."

Tiketi nilikwisha kuilipia na fedha hazirudishwi. Nilimpa dereva wa teksi aurudishe ubao nyumbani, nikapanda ndege mikono mitupu.

Durban nilikodi ubao siku mbili, kisha nikanunua wa kujazwa upepo. Huo hukunjwa ukaingia kwenye begi la mgongoni, pamoja na pampu na kasia la vipande vitatu. Ukijazwa sawasawa hukakamaa, ingawa kwenye wimbi kubwa haugeuki upesi kama ule mgumu.

Niliporudi, ofisa wa forodha aliuliza thamani yake. Nilimwonyesha risiti, akahesabu kwa bei niliyolipa, si kwa kukisia.

Ndugu msafiri, pima mzigo wako nyumbani, uliza shirika la ndege urefu linaoukubali, na upate jibu kwa maandishi. Tiketi inunuliwe baadaye.