Kushuka Bondeni Penye Ukungu: Namna ya Kukadiria Vigezo vya Kiini cha Atomu

Hanga, mkoani Ruvuma, imo katika wilaya ya Namtumbo, na wilayani humo, upande wa Mto Mkuju, ardhini mna madini ya urani. Kiini cha urani-238 kina protoni 92 na nyutroni 146, na nishati inayozishikamanisha imepimwa: ni MeV 1,802 hivi. Je, nadharia yaweza kuitoa tarakimu hiyo? Swali hili lina uzito, maana viini vingi vizaliwavyo nyota zinapogongana havijapata kupimwa maabarani. Hutegemea nadharia tu.

Mwaka 1935 Mjerumani Weizsäcker alikifananisha kiini na tone la maji. Mlinganyo wake una vigezo vichache ambavyo thamani zake hupatikana kwa kulinganisha na vipimo. Kwa thamani zilizozoeleka vitabuni, urani-238 hupata MeV 1,809 hivi, kosa lisilofikia nusu ya asilimia moja. Makosa ya viini vyote hupigwa mraba, kisha hujumlishwa. Vigezo bora ni vile viletavyo jumla ndogo kabisa. Kwa tone la maji, milinganyo sambamba huimaliza kazi hiyo mara moja.

Nadharia za leo hazina wepesi huo. Tuseme vigezo ni 12, na kila kimoja kijaribiwe kwa thamani 10: majaribio ni 1,000,000,000,000. Hata kwa jaribio moja kila sekunde, miaka 31,000 ingepita.

Mtafutaji hufanana na mtu ashukaye milima ya Matogoro, karibu na Songea, katika ukungu mzito. Akijua kimo cha mahali aliposimama tu, atatangatanga. Njia ya Gauss na Newton humfaa zaidi, kwani haitazami jumla peke yake: hushika kosa la kila kiini mbalimbali, na jinsi libadilikavyo vigezo vikisogezwa kidogo. Kwa hayo umbo la bonde lililo jirani hukadirika, na hatua ndefu hupigwa. Hatua yaweza kupita kiasi. Levenberg (1944) na Marquardt (1963) waliifunga breki.

Mwaka 2010 watafiti nchini Marekani walilinganisha vigezo 12 na vipimo 108 vya viini 72. Kompyuta yao haikuwapa mteremko, basi waliukisia kutokana na majaribio yaliyotangulia, wakiuamini katika eneo dogo tu. Bonde lilipatikana, lakini makosa yaliyobaki yalizidi katika viini vyepesi. Kasoro hiyo ni ya nadharia yenyewe, wala haiondolewi kwa kutafuta zaidi.