Anga ileile, macho mengine

Asubuhi ya kiangazi, mkazi wa Nangara mjini Babati huuona Mlima Kwaraha na, upande wa ziwa, viboko wakitoa pua majini. Ndege ndogo ikipita juu, watoto huacha mchezo, wanaitazama mpaka ipotee.

Anga hii ya Tanganyika iliwahi kumpokea mtu aliyeingia urubani kwa ajili ya vita. Ernst Udet, Mjerumani aliyezaliwa 1896, aliangusha ndege 62 katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika jeshi lake ni Manfred von Richthofen peke yake aliyemzidi, kwa ndege 80. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaizuia Ujerumani kuwa na jeshi la anga. Udet akabaki na ujuzi usio na kazi, akageukia maonyesho ya angani na filamu.

Mwaka 1930 akaja Afrika Mashariki na ndege nyepesi, kupiga picha za wanyama kutoka juu.

Rubani wa kivita hufundishwa kumtafuta adui anayejificha kwenye mwanga wa jua. Huku, macho yaleyale yalitafuta nyumbu na twiga. Hapo ndipo ilipo raha ya askari mstaafu angani: kushuka chini, kupunguza mwendo, kutazama kitu bila kukilenga. Raha hiyo haikuondoa hatari. Mwaka 1931, akirudi kwao, Udet alikwama kwenye vinamasi vya Nile, Sudan. Aliyemkuta ni Tom Campbell Black, Mwingereza aliyekuwa rubani upande wa pili wa vita ileile, na ambaye mwaka 1929 alishirikiana na Florence Kerr Wilson kuanzisha Wilson Airways jijini Nairobi. Maadui wa jana, mmoja akamwokoa mwenzake.

Kwa Roald Dahl mambo yalienda kinyume. Alikuwa mfanyakazi wa Shell, Dar es Salaam. Vita Kuu ya Pili ilipoanza 1939 akaenda Nairobi kujifunza urubani kwa Tiger Moth, juu ya mbuga zenye wanyama tele. Raha ilitangulia, vita vikafuata. Septemba 1940 alianguka jangwani Afrika Kaskazini, akaumia kichwa vibaya. Alirudi kupigana Ugiriki, lakini mwaka 1941 maumivu ya kichwa yakamwondoa kabisa kwenye urubani wa kivita.

Campbell Black alibaki upande wa raha na mashindano. Mwaka 1934, yeye na C. W. A. Scott walishinda mbio za kutoka Uingereza hadi Melbourne. Udet akarudi kwenye sare: alijiunga na Luftwaffe, jeshi jipya la anga la Ujerumani, akapewa ofisi na lawama, na Novemba 1941 akajiua. Mtu aliyezoea usukani alikabidhiwa mafaili, na hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilikuwa kosa kubwa la waliompa cheo.

Tanzania nayo ina marubani wake wa kivita. JWTZ ilirusha ndege za MiG wakati wa Vita vya Kagera, 1978 na 1979, na waliokuwa vijana siku hizo sasa ni wazee. Hadithi za akina Udet tunazijua kwa sababu ziliandikwa. Msomaji mwenye babu, baba au mjomba aliyeketi kwenye viti vya ndege hizo amuulize wikendi hii: siku alipopanda ndege bila silaha, aliona nini chini? Kisha aandike jibu.