Dakika 10 za Kitabu Kabla ya Kulala

Jamani wazazi wenzangu, tukishalipa ada na kununua sare, tunadhani mengine ni ya mwalimu. Ripoti ya Uwezo ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa kati ya wanafunzi 10 wa darasa la tatu Tanzania, 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili.

Tena Kiswahili kina mtego wake: kinasomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto akishajua silabi anaweza kutiririsha ukurasa mzima, ukampigia makofi, kumbe hajaelewa kitu!

Kwetu, mimi na mume wangu tunapokezana zamu kila usiku, TV imezimwa. Mkubwa anasoma ukurasa, mtoto anasoma unaofuata. Katikati tunafunga kitabu: “Unadhani sungura atafanyaje?” Akikwama, tunarudia taratibu bila kumfokea. Akitaka kitabu kilekile mara ya tano, mwache, ndiyo mapenzi yanavyoanza.

Na akina baba, msikwepe. Mtoto akiona vitabu ni vya mama na mwalimu tu, siku akimaliza mtihani atavitupa kabatini.