Je, Wajua? Chuma Hubaki, Ubongo Hufa

Je, wajua kwamba betri ndogo ya kutosha kiganjani inaweza kuilaza mashine ya tani 3? Mashine nyingi za CNC za miaka ya 1980 na 1990, zile zinazochonga chuma kwa kufuata amri za kompyuta, huweka kumbukumbu zake katika chipu inayoishi kwa betri umeme unapozimwa. Humo ndimo mashine inamojijua: meza yake inafika wapi, mota ikizunguka mara moja meza inasogea kiasi gani, kisu kisimame mahali gani. Betri ikifa mashine ikiwa imezimwa, yote hayo yanafutika. Kwa hiyo fundi anayeijua kazi hubadilisha betri mashine ikiwa imewashwa. Karakana iliyofungwa miaka mitatu ikisubiri mtaji, siku ya kuwasha hukuta skrini imejaa maonyo. Chuma kizima, gololi nzima, meza inang'aa, lakini mashine haikumbuki chochote. Wengi hapo huita wanunuzi wa vyuma chakavu, na kila mara ninapofikiria hilo roho inaniuma, kwa sababu kilichokufa ndicho kitu rahisi kuliko vyote kupandikiza upya.

Na mikono ya kuupandikiza iko karibu. Arusha, Tanzania, watu huijua kwa magari ya safari na tanzanaiti, wakasahau kwamba ni mji wa mafundi. Serikali iliweka hapa taasisi mbili za uhandisi kwa mfululizo: TEMDO, ya kusanifu mitambo, kwa sheria ya mwaka 1980, na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, mwaka 1981. Chuo cha Ufundi Arusha kilikuwa kimeshafunguliwa mwaka 1978. Na ukishuka barabara ya Moshi hadi wilaya ya Hai, utakuta jambo la kushangaza zaidi: kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria ili Tanzania itengeneze yenyewe mashine za kutengenezea mashine nyingine. Nchi chache za Afrika zilithubutu kuwaza hivyo.

Je, wajua kwamba mashine ya kwanza kuongozwa kwa namba ilisoma karatasi? John Parsons wa Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, akachoka kuchora mikunjo yake kwa jicho na mkono. Wazo lake la kuiongoza mashine kwa namba likafika chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ya milling ya kampuni ya Cincinnati ikachonga chuma kwa kufuata matundu ya utepe wa karatasi. Vifaa vya kuisomea karatasi hiyo vilijaza makabati matano, kila moja kubwa kama jokofu, na kwa pamoja yalikaribia ukubwa wa mashine yenyewe.

Lugha iliyozaliwa kutokana na kazi hiyo ingali hai. G0 maana yake nenda haraka bila kukata. G1, kata kwa mstari ulionyooka. G2 na G3, zunguka kwa upinde, wa kwanza kufuata mwendo wa saa, wa pili kinyume chake. M3 huzungusha kisu na M5 hukisimamisha. Kijana wa karakana za Unga Limited, mtaa uliopata jina kwa kinu cha unga, akijifunza amri 15 hivi leo anaweza kusoma kazi iliyoandikwa kabla hajazaliwa.

Sasa ubongo mpya wa kuipandikizia mashine iliyosahau unatoka wapi? Miaka ya 1990, taasisi ya vipimo na viwango ya serikali ya Marekani, NIST, iliandika programu ya kuendesha mashine na kuijaribu katika kiwanda cha General Motors mjini Pontiac. Kwa sheria za Marekani, kazi ya mtumishi wa serikali kuu haina hakimiliki, kwa hiyo programu ile ikawa mali ya kila mtu. Watu wa kujitolea waliichukua, wakaiendeleza, na tangu mwaka 2011 inaitwa LinuxCNC. Hailipiwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuurekebisha. Kwa karakana ya Arusha, neno zito hapo ni hilo la kurekebisha, kuliko hata la bure. Huhitaji kumngoja mtaalamu apande ndege kutoka ng'ambo aje na nywila yake.

Na kompyuta inayoifaa programu hiyo zaidi mara nyingi ni ile ambayo duka la mitumba linataka kuitupa. Kompyuta ya mezani ya zamani ina tundu la printa la pini 25, na kupitia tundu hilo LinuxCNC hutuma amri kwa mota moja kwa moja. Kompyuta mpakato, hata iwe mpya na ya bei, mara nyingi hushindwa kazi hii. Mambo yake ya kuokoa chaji huikatiza programu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na sehemu hiyo inatosha kuharibu kipande.

Je, wajua kwamba Mlima Meru nao umo katika hesabu? Mota na inveta nyingi hupimwa nguvu zake kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Arusha, miguuni pa mlima huo, iko kwenye mita 1,400 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi na haipoozi vifaa vizuri, kwa hiyo watengenezaji wengi hushauri kupunguza mzigo kwa asilimia 1 kwa kila mita 100 zinazozidi. Hapo mjini ni asilimia 4. Ukipanda kuelekea Ngaramtoni, zaidi. Inveta yenyewe ni baraka kwa karakana yenye umeme wa fezi moja, kwani hutengeneza fezi tatu za kuendesha mota kubwa, mradi uchague iliyo kubwa kuliko mahitaji.

LinuxCNC nayo ina ndugu zake. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway aliandika Grbl, inayoenea katika chipu ya kilobaiti 32 na kutoa hadi hatua 30,000 kwa sekunde. Sehemu ya msimbo wake iliingia katika Marlin, programu inayoendesha printa nyingi za 3D duniani. Jijini Dar es Salaam, wabunifu wa STICLab walitengeneza printa ya 3D kutokana na mabaki ya vifaa vya elektroniki, kisha wakashirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Bath katika kazi ya hadubini ya plastiki iitwayo OpenFlexure, ya kutazamia vimelea vya malaria. Nao MIT, waliokuwa na yale makabati matano, mwaka 2014 mkutano wao wa ubunifu ulifanyika Arusha hii hii, wakakaa meza moja na mafundi wa hapa.

Jambo moja halifai kukabidhiwa programu: kitufe chekundu cha dharura. Waya wake lazima ukate umeme wa mota wenyewe, bila kuomba ruhusa kwa kompyuta.

Na kuna ugonjwa wa uzee ambao fundi huupima kwa mkono. Anabana kipimo cha saa kwenye meza, anaisogeza kulia, halafu anairudisha kushoto. Mshale ukichelewa kuanza, skrubu ya gololi imelika na ina mchezo. Mota ya hatua 200, kila hatua ikigawanywa mara 10, kwenye skrubu inayosogea milimita 5 kwa mzunguko, hutoa hatua za milimita 0.0025, lakini mchezo wa milimita 0.1 unaumeza usahihi wote huo. LinuxCNC ukiiambia kipimo cha mchezo, huongeza mwendo huo kila meza inapogeuka, na duara linarudi kuwa duara. Ila kisu kikikata kwa kufuata mwendo wa meza, huivuta meza ndani ya ule mwanya, na hapo programu haina mkono wa kuishika. Inatakiwa nati mpya ya skrubu.